Zamu ya Mume Wangu Kwenye Bwawa

Miaka ile kampuni ya shaba ilipokuwa ikianguka, mume wangu alikuwa na wake wawili, mimi na bwawa. Mimi nilikuwa na ulimi na bwawa halikuwa nao, labda ndiyo sababu alilala huko zaidi kuliko kwangu. Leo naweza kulisema hilo huku nacheka. Wakati ule sikucheka. Nilipika, nikafunika chakula, nikakaa mlangoni nikiitukana saruji.

Bwawa lenyewe lilikuwa nje kidogo ya mji wa Likasi, kwenye bonde lililo upande wa kwenda Kamatanda. Wazungu walijenga ukuta wa mawe na saruji kukata kijito, zamani, kabla wazazi wetu hawajafika kutafuta kazi. Nyuma ya ukuta maji yakajaa, pampu ikayavuta, yakaenda kiwandani kupoza mashine. Juu ya ukuta palikuwa na kibanda kidogo na usukani wa chuma wa kufungulia mlango wa maji. Mume wangu alikuwa mtu wa usukani huo. Kazi yake ilikuwa moja, kuhakikisha maji hayashuki chini ya alama nyeupe iliyopakwa ukutani. Aliijua kazi hiyo kama mimi ninavyoijua chumvi ya sufuria yangu.

Kisha kiwanda kikanyamaza. Mishahara ikakoma, posho ya unga ikakoma, hata king'ora cha asubuhi kilichotuamsha sote kikakoma. Pampu ikafunguliwa vipande vipande na kuchukuliwa, mabomba yakafuata. Wanaume wa kampi yetu wakatawanyika, wengine kuchimba mawe ya shaba kwa mikono, wengine kulima, wengine kuchoma makaa. Mume wangu akabaki ukutani.

Asiyekulia katika kampi ya wafanyakazi huenda asielewe. Kwetu kanuni ya zamu ilikuwa kubwa kuliko amri za kanisani. Huachi posti, kituo chako, mpaka releve afike, yaani mwenzako wa kukupokea. Hata mkeo awe anajifungua, unangoja. Mwenzako anafika, mnasimama uso kwa uso, unamweleza hali ya kazi, kitu kimoja kimoja, naye anarudia. Unamkabidhi mpini wa mashine. Hapo ndipo unakwenda nyumbani. Mwanamume aliyeondoka kabla ya releve alichekwa mpaka wajukuu wake walichekwa.

Asubuhi moja releve wa mume wangu hakufika. Mume wangu akangoja mpaka jioni, akalala kibandani, akangoja tena kesho yake. Kampuni haikumwambia kitu, na mwenzake hakumwambia kitu. Basi akaendelea kungoja, na hivyo ikapita miaka. Mchana, saa ya chakula iliyoruhusiwa na kampuni, alikuja nyumbani mbio, akaoga, akala bukari, ugali wetu, amesimama, akarudi. Nikimwambia aketi, alitazama mlango.

Mimi na wanawake wenzangu tulikuwa tumeanza bustani bondeni, chini ya ukuta. Mishahara ilipokufa, mboga ndizo zilizotulea: lengalenga, matembele, nyanya, vitunguu. Mvua ikinyesha tulikuwa matajiri. Lakini kiangazi kijito kilibaki madimbwi ya kuoshea miguu, kwa sababu maji yote yalikuwa juu, yamefungwa, yakingoja mashine ambazo hazikuwepo. Na nani aliyeyafunga? Mtu niliyefunga naye ndoa. Wanawake wenzangu walikuwa na adabu, hawakunisema usoni. Waliinama na ndoo zao wakaimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika.

Nikapanda ukutani kwa mume wangu na kikapu cha mboga zilizonyauka.

"Baba, angaria hii lengalenga. Iko nakufa."

"Maji iko chini ya alama," akasema. "Nikifungula itashuka tena."

"Ishuke. Ku kiwanda nani iko nakunywa hii maji?"

"Minye siulizake ile. Minye niko nangoja releve."

"Releve yako iko Kapolowe, iko nalima mahindi. Kila muntu anajua."

"Hakunambia kama aliacha kazi. Muntu akiacha kazi, anasema."

Nilitazama lile bwawa alilokuwa akililinda. Lilikuwa limekuwa kijani. Magugu yalifunika nusu yake, konokono wameshika kila jani, mbu wakitoka humo jioni kama moshi. Watoto waliooga humo walikojoa damu. Wazee wa bonde walisema kwamba kabla ya ukuta kijito kile kilikuwa na kambale waliopanda na mvua za kwanza mpaka kwenye matete ya juu, huko walikotaga mayai. Baada ya ukuta, kambale walifika pale chini, wakagonga saruji, wakarundikana, na watu wakawaokota kwa vikapu. Mume wangu aliita hiyo zawadi ya bwawa. Kila mwaka alinichagulia mmoja mnono, akaniletea kwa fahari.

Majirani walikuwa na maelezo yao. Walisema ameshikwa na mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, anayewateka wanaume na kuwafanya wasahau nyumba zao. Mchungaji mmoja akaja kumwombea, akafunga na kukemea siku nzima. Mume wangu akamsikiliza kwa heshima, akamkaribisha kivulini, akaenda kutia mafuta usukani. Mimi nilisema kama kweli yuko mamba muntu, basi ni mvivu, maana mashati ya huyo bwana bado ninayafua mimi.

Nilitania, lakini nilikuwa naogopa. Ule mwaka ninaousimulia, watu wa bonde na shefu wa mtaa, mkuu wetu, walikaa kikao wakakubaliana ukuta uvunjwe. Haukuwa na kazi tena, na kijito kilihitajika. Wakaenda kwenye ofisi ya zamani ya kampuni, wakamkuta mlinzi mmoja tu, akawaambia wafanye wanachotaka, yeye analinda mlango. Vijana wachimbaji wa Kamatanda wakajitolea kuja na nyundo na baramina, zile nondo ndefu za kubomolea mwamba, ili mradi wapewe chuma na sehemu ya mawe. Kilichobaki ni mume wangu. Maji yalipaswa kushushwa kwanza polepole kwa mlango wake, kwa sababu ukivunja ukuta bwawa likiwa limejaa, tope lote linashukia bustani na yeyote aliye njiani. Naye hakufungua. Wakampa muda mpaka mawingu ya kwanza. Baada ya hapo, walisema, watavunja hivyo hivyo.

Nilipomweleza, hakukasirika. "Batanikuta hapa," akasema, kama mtu anayesema atakuwa nyumbani Jumapili.

Namjua mume wangu. Si mtu wa vitisho. Alimaanisha kwamba atakuwa amekaa juu ya ukuta baramina zitakapoanza, kwa sababu hakuna aliyempokea zamu. Usiku huo nililia, na silii ovyo.

Kwanza nikamwendea shefu wake wa zamani, mkubwa wake wa kazini. Nilimkuta sokoni na mke wake, wakikaanga mandazi, yeye aliyekuwa akipita zamani na gari na kalamu tatu mfukoni. Nikamwomba aje ukutani amwambie mume wangu kazi imekwisha. Alinisikiliza huku akigeuza mandazi.

"Mama," akasema, "hata minye hakuna muntu alinitoa ku kazi. Minye nitamutoa yeye na kinywa gani?"

Akanipa mandazi mawili ya bure. Nikaona aibu kwa ajili yake na kwa ajili yetu sote, nikaondoka.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikapanda lori la magunia nikaenda Kapolowe kumtafuta yule releve mwenyewe.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Yule bwana na mume wangu hawakuwa wenzi wa zamu tu, walikuwa wanungwe, watani wa ukoo. Mume wangu ni wa ukoo wa Mbuzi na yule ni wa ukoo wa Chui, na kila mtu anajua chui hula nini. Kwetu, nilikozaliwa mimi, hatuna utani mkali namna hii, na mwaka wa kwanza wa ndoa nilidhani watauana. Mnungwe anakutukana mbele ya mama mkwe wako, anachukua kofia yako, na huruhusiwi kukasirika. Lakini ukipata msiba, ndugu zako wanakaa chini wakilia na mnungwe ndiye anayeinuka. Anachimba, anazika, anachekesha watu kaburini, anadai kuku wake. Chui ndiye anayemzika Mbuzi, na Mbuzi ndiye anayemzika Chui.

Nikamkuta kwenye shamba lake la mahindi, amenenepa.

"Mama! Nyama yangu iko namna gani?" akauliza.

"Nyama yako iko juu ya ukuta. Iko nakungoja."

Akacheka mpaka akashika jembe asianguke. "Iko naningoja ya nini?"

"Zamu. Hukumupokea."

Akaendelea kucheka kidogo, kisha akaona uso wangu. Alikaa kwenye tuta. Nikamsimulia yote, kibanda, alama nyeupe, baramina. Alisema kwamba asubuhi ile aliamka, akasikia king'ora hakikulia, akajua imekwisha, akafunga mizigo. Hakudhani mtu yeyote atabaki. Alirudia mara nyingi kwamba hakudhani.

Kisha akaenda nyuma ya nyumba. Kofia yake ngumu ya kazi ilikuwa chini ya ghala, na kuku alikuwa ameatamia ndani yake. Mke wake akapiga kelele kwamba mayai yako karibu kuanguliwa. Yule bwana akamwinua kuku kwa mikono miwili, taratibu, akahamishia mayai kwenye kikapu chenye majani, akamrudisha kuku juu yake, akamwomba radhi. Akaiosha kofia kwa mchanga na maji.

Tulifika Likasi jioni, akalala kwa binamu yake. Nikamwalika kwangu akakataa. "Muntu wa zamu hapitake ku nyumba ya mwenzake mbele ya kumupokea," akasema. Saa kumi na mbili asubuhi, saa ile ile ya king'ora, alipanda ukuta na kofia yake kichwani na chakula chake kwenye kopo. Mimi nilimfuata nyuma, nikasimama mwisho wa ukuta.

Mume wangu alikuwa anatia mafuta. Akageuka.

"Weye Mbuzi," mnungwe akasema, "bado haujakufa?"

"Chui haina meno," mume wangu akajibu. "Ulichelewa."

"Kidogo."

Nilidhani mume wangu atampiga. Nilitamani ampige, kusema kweli, maana hata mimi mkono uliniwasha. Badala yake alifuta mikono kwa kitambaa, akavaa kofia yake, akasimama mbele ya mwenzake kama walivyosimama siku zote. Akaanza kumpa hali ya kazi.

"Maji, vidole viwili chini ya alama."

"Vidole viwili chini ya alama," mnungwe akarudia.

"Mulango, muzima. Mafuta, nimetia sasa hivi."

"Mulango muzima. Mafuta imetiwa."

"Pampu." Akaangalia msingi wa saruji mahali pampu ilipokuwa. "Pampu haiko."

"Pampu haiko."

"Bomba haiko." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kiwanda haifanye kazi. Hakuna muntu iko nakunywa hii maji."

Mnungwe hakucheka. Alirudia neno kwa neno, polepole, kama mtu anayesoma mahakamani. "Hakuna muntu iko nakunywa hii maji."

Nadhani mume wangu alikuwa akiyajua hayo yote tangu siku ya kwanza. Lakini hakuwa na mtu wa kumwambia, na taarifa ya zamu haisemwi kwa upepo. Alitoa mpini wa usukani, akaushika kidogo zaidi ya lazima.

"Nipe," mnungwe akasema. "Hii kintu yako ilikufa, Mbuzi. Na wafu ya Mbuzi nani anazikaka?"

"Chui," mume wangu akasema.

"Bon. Enda kulala. Na kuku yangu muanze kuitafuta."

Mume wangu akampa mpini. Akashuka kwenye ukuta, akapita mbele yangu, akatembea mpaka nyumbani, akavua viatu, akalala kwenye kitanda chetu mpaka asubuhi ya pili. Mara mbili nilimwekea mkono kifuani kuona kama anapumua.

Mnungwe aliufungua mlango kwa kipimo, kidogo leo, kidogo kesho. Kijito kikaanza kupita bustanini kwetu katikati ya kiangazi, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuliona, na wanawake wakaja na ndoo wakawa wanatazama tu. Juu, bwawa likapungua. Tope likajitokeza, jeusi, likinuka vibaya, na ndani yake matairi, masufuria, baiskeli moja. Magugu yakalala yakakauka na konokono wakakauka nayo. Baada ya muda ukaonekana mfereji wa zamani wa kijito wenye mawe ya mviringo, na maji yakauingia moja kwa moja, bila kuonyeshwa.

Kisha wakaja vijana na baramina. Walifanya kazi kuanzia juu, jiwe kwa jiwe, na mawe yakabebwa kwa vichwa na mikokoteni. Nyumba nyingi za mtaa wetu zimesimama juu ya mawe yale mpaka leo. Mnungwe aliongoza mazishi kama desturi inavyotaka. Alijifanya kuulilia ukuta, akajirusha chini, akasema marehemu alikuwa mchoyo maisha yake yote, watu wakacheka mpaka wakaangusha mawe. Nikamchinjia kuku. Akasema mdogo. Nikamchinjia wa pili huku nikimtukana, na hiyo pia ni desturi.

Mume wangu hakwenda kuangalia hata mara moja. Alikuwa nyumbani, na mimi niliyemtaka nyumbani kwa miaka sikujua nimfanyie nini. Aliamka saa kumi na mbili, akaketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini. Alitengeneza kiti ambacho hakikuwa kimevunjika. Alisimama jikoni kwangu akitazama maji yakichemka. Nikaacha kumtania. Nilikuwa nimedhani nikiutoa ukuta nitampata mume wangu palepale, na nikaona kwamba moyo hauna usukani. Iliniuma, nikanyamaza, na kwangu kunyamaza ni kazi nzito.

Mvua za kwanza zilianguka alasiri. Maji ya kijito yakawa mekundu, na watoto wakapita wakikimbia na vikapu wakisema kambale wamekuja. Mume wangu alikuwa mlangoni. Akavaa viatu. Nikamfuata, bila mwavuli.

Pale palipokuwa na ukuta palikuwa na pengo pana, na majani mabichi yalikuwa yameota juu ya tope la zamani mpaka kwenye kingo. Mdiria mmoja alikuwa amekaa juu ya nguzo ya kibanda iliyobaki ukingoni. Watu walikuwa wengi, wamesimama ndani ya maji. Kambale walipita kati ya miguu yao, wengine wakijikokota juu ya mawe kwa matumbo, migongo ikiwa nje, wote wakielekea juu. Waliokamatwa walikamatwa. Wengi walipita, nasi tuliwaona wakiingia kwenye maji ya mvua yaliyotanda huko juu na kupotea kwenye matete.

Mwanamke mmoja, jirani yangu wa bustani, akamwona mume wangu akamjia na kikapu kirefu cha mtego. Ilikuwa ni mazoea, kwa miaka mingi kila mtu alimwomba ruhusa mahali pale.

"Baba, tufunge mitego hapa mu njia, ama tuache?"

"Minye nilitoka ku kazi, mama," mume wangu akasema. "Muulizane mweye bote."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Wanawake wakaulizana, wakabishana, mwishowe wakaweka mitego upande mmoja na kuacha upande wa pili wazi. Yeye hakuwasikiliza. Alikuwa ameingia mpaka magotini, akiinama, akitazama kambale wanavyopita.

"Kila mwaka ilikuwa inakuya kugonga ku ukuta," akaniambia. "Minye nilikuwa nafikiri inakuya kwetu, tukule."

Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke pamoja na mvua. Nikamshika mkono. Nilimpenda sana saa ile, kuliko siku ya harusi, na nikamwambia hivyo, mbele ya watu na samaki. Akasema nimelowa, nitaugua.

Giza lilikuwa linaanza. Maji yalikuwa bado yanapanda, yakizunguka mawe, na watu walikuwa wanakusanya vikapu vyao. Mume wangu akatoka, akamimina maji kutoka viatuni.

"Twende ku nyumba," akasema.

"Na nani anabaki na maji?" Nilijikuta nimeuliza.

"Hakuna muntu," akasema, akatangulia.